Ripoti imesema asilimia 34. Je, mimi ni mwizi?

"Nasoma shahada ya uzamili na nimemaliza sura ya pili ya tasnifu yangu, ile ya mapitio ya maandiko. Niliipitisha kwenye mfumo wa kukagua mfanano, ikarudi na asilimia 34. Msimamizi wangu hakusema mengi: 'Nenda maktaba wakufundishe kurejelea.' Sijaiba kitu. Kila mwisho wa aya nimeweka jina la mwandishi na mwaka, na orodha ya marejeleo ipo nyuma. Wenzangu wananishauri nibadilishe maneno kwa visawe, au niipitishe kwenye programu inayoandika upya ili ishuke chini ya 20. Wengine wananitisha kwamba maktaba ndiyo itakayonishtaki. Kwani maktaba inahusikaje na mambo haya? Na asilimia salama ni ngapi?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili, lakini nyuma yake nasikia la tatu ambalo hukuliandika: je, mimi ni mwizi? Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu, na kila muhula ukikaribia kuisha hunijia watu walioshika ripoti zenye rangi rangi kama mtu aliyeshika majibu ya hospitali, anaogopa kuyasoma peke yake. Walio wengi hawakukusudia kuiba. Lakini nisikudanganye: kutokukusudia hakumaanishi kwamba sura yako haina tatizo. Kwa ulivyojieleza, naona mambo mawili yamechanganyika. La kwanza ni namba inayohesabu hata vitu visivyostahili kuhesabiwa, na hilo tutalimaliza kwa dakika kumi. La pili ni namna ulivyosoma na kuandika madondoo yako miezi mingi kabla ya kuanza sura, na hilo ndilo, nadhani, msimamizi wako alilolinusa.

Tuanze na namba. Mifumo kama Turnitin, ulioanza mwaka 1998, haigundui wizi. Inagundua mfanano. Inachukua mfululizo wa maneno yako na kuulinganisha na kurasa za intaneti, makala za majarida, na kazi za wanafunzi zilizowahi kuwasilishwa. Ikikuta mfululizo unaofanana, inaupaka rangi. Haijui kama uliufungia ndani ya alama za kunukuu kwa heshima zote au uliunyakua usiku wa manane. Kama aliyeiendesha hakuiagiza iruke orodha ya marejeleo na nukuu, itazihesabu zote, na orodha ya marejeleo lazima ifanane na za wengine kwa sababu mmesoma vitabu vilevile. Chukua mfano wa kubuni: katika 34 zako, 12 zinatoka kwenye orodha ya marejeleo, 6 ni nukuu zilizofungwa vizuri, 3 ni ukurasa wa jina la chuo na vichwa vya habari. Zimebaki 13, na hizo 13 ndizo zinazotuhusu.

Ndiyo maana siwezi kukutajia asilimia salama, na ukimwona mtu anakuapia kwamba 20 ni salama duniani kote, muulize kaitoa wapi. Kila chuo kina kanuni zake, na baadhi ya vyuo vimeweka kikomo. Soma kanuni za chuo chako. Hata rangi ya namba yenyewe huwapotosha watu. Katika Turnitin, kijani huanzia neno moja linalofanana mpaka asilimia 24, na njano ni 25 hadi 49. Nimewahi kukaa na mwanafunzi mwenye kijani safi cha asilimia 8, na hizo 8 zote zilikuwa aya mbili zilizonyofolewa nzima nzima kutoka makala moja, bila jina la mtu. Siku hiyohiyo alikuja mwingine mwenye 41, anachambua mashairi, na karibu yote ilikuwa mishororo aliyolazimika kuinukuu. Ungewahukumu kwa namba, ungemwachia wa kwanza ukamfunga wa pili.

Sasa tuingie kwenye aya zako. Umesema kila mwisho wa aya umeweka jina na mwaka. Hapa ndipo kwenye dhana ninayokutana nayo kuliko zote: kwamba jina la mwandishi likitokea mahali fulani jirani, deni limelipwa. Jiweke mahali pa msomaji. Anasoma sentensi sita, anafika mwisho, anakuta mabano. Je, sentensi zote sita ni za huyo mwandishi, au ya sita tu? Ipi ni hoja yake na ipi ni tafsiri yako wewe? Hawezi kujua. Marejeleo ni mpaka wa shamba: lazima yaonyeshe mkopo unaanzia wapi na unaishia wapi. Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: mtaje mwandishi mwanzoni, "Kwa mujibu wa fulani", endelea naye ukimtaja tena pale msomaji anapoweza kupotea, kisha ukiingia wewe sema wazi kwamba umeingia.

Halafu kuna jambo ambalo mabano hayaponyi kabisa. Tuseme kitabu, ukurasa wa 47, kinasema hivi (sentensi nimeitunga mwenyewe): "Mtu asiyelala vya kutosha hasahau tu aliyojifunza jana, hupoteza pia uwezo wa kujifunza leo." Mwanafunzi anaandika: "Binadamu asiyepata usingizi wa kutosha hasahau tu aliyosoma jana, hukosa pia uwezo wa kusoma leo", kisha anaweka jina na mwaka. Anaamini ameandika kwa maneno yake. Lakini angalia mifupa ya sentensi: "hasahau tu... hupoteza pia", mkato uleule, jana na leo zilezile. Kilichobadilika ni nguo. Rebecca Moore Howard, profesa wa uandishi wa Marekani, aliupa uandishi wa namna hii jina katika miaka ya 1990, jina ambalo kwa Kiswahili naliita uandishi wa viraka. Alichosisitiza, nami nakubaliana naye, ni kwamba mara nyingi viraka ni dalili ya mtu anayejifunza, ambaye bado hajaielewa mada kiasi cha kuiachia mkono. Hata hivyo kanuni za vyuo vingi zinauhesabu kuwa wizi wa kitaaluma, uwe unajifunza au la.

Sasa tazama namna nyingine: "Mwandishi huyu (uk. 47) anayaona madhara ya kukosa usingizi kuwa ya pande mbili: yanagusa kumbukumbu za yaliyokwisha kujifunzwa, na yanagusa uwezo wa kupokea mapya. Utafiti huu unajihusisha na upande wa pili, kwa sababu washiriki wake walipimwa wakiwa wanajifunza." Hapa hakuna kisawe hata kimoja kilichotafutwa kwenye kamusi. Mwanafunzi alifunga kitabu, akajiuliza kimesema nini na yeye kinamsaidia nini, ndipo akaandika. Hiyo sentensi ya pili ndiyo mapitio ya maandiko yenyewe. Kama sura yako haina sentensi za namna hiyo, msimamizi hakukutuma maktaba kwa ajili ya nukta na mabano tu.

Viraka hutoka wapi? Kwa uzoefu wangu, hutoka kwenye daftari. Niruhusu nijitaje. Nilipokuwa naandika tasnifu yangu nilikuwa na daftari moja nene ambamo nilichanganya kila kitu: sentensi nilizozinakili, muhtasari wangu, na mawazo yaliyonijia nikiwa njiani. Kulikuwa na sentensi moja humo niliyoipenda mno. Nikaiweka kwenye hitimisho, najisifu kimoyomoyo. Miaka mitatu baadaye nikiwa kazini narudisha vitabu rafuni, nikafungua kimoja nilichokifahamu, na sentensi yangu ikanitazama kutoka katikati ya ukurasa, neno kwa neno. Niliisoma nimesimama, nikaketi. Sikuiba, lakini daftari langu halikuwa na njia ya kunitetea.

Tangu hapo nafundisha herufi tatu, na wanafunzi wangu wananitania kwazo. Kila kipande unachoandika wakati wa kusoma kinaanza na N, M au Y. N ni nukuu: maneno halisi, ndani ya alama za kunukuu, na namba ya ukurasa hapohapo, si baadaye. M ni muhtasari, ulioandikwa baada ya kufunga kitabu. Nao unabeba ukurasa. Y ni yangu: swali, shaka, ubishi. Unaweza kufanya hivyo kwenye karatasi, kwenye simu, au ndani ya Zotero, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2006 na kituo cha historia cha Chuo Kikuu cha George Mason, ambayo hutunza vyanzo vyako na kukutengenezea orodha ya marejeleo. Lakini Zotero haiwezi kukwambia sentensi ni ya nani kama wewe mwenyewe hukuandika. Tena ikilishwa taarifa mbovu hutoa orodha mbovu iliyopangwa vizuri, kwa hiyo ipitie kwa macho.

Na kama unasoma kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, jihadhari maradufu. Kutafsiri aya ya mtu hakuifanyi kuwa yako. Mara nyingi mfumo hautaiona, ila msomaji anayeijua fasihi ya eneo lako ataitambua kama anavyoitambua sauti ya jirani.

Niwageukie wenzako na ushauri wao. Visawe tumeshaviona vinavyoacha mifupa nje. Programu za kuandika upya ni mbaya zaidi. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac na wenzake wawili walionyesha makala nyingi za kisayansi zenye vifungu vya ajabu walivyoviita "vilivyoteswa". Mahali pa akili mnemba pameandikwa kitu kama fahamu ghushi, na mahali pa saratani ya matiti pameandikwa kitu kama hatari ya kifuani. Programu ilipewa istilahi ikadhani ni maneno ya kawaida, na waandishi hawakusoma walichokitia sahihi. Kuna pia ujanja wa kubadilisha herufi kwa zinazofanana nazo kutoka alfabeti nyingine, au kuficha maandishi kwa rangi nyeupe. Mifumo ya sasa huwekea mambo hayo alama, na hapo kesi yako inageuka. Ulikuwa mtu asiyejua kurejelea vizuri. Sasa umekuwa mtu aliyekusudia kudanganya. Tafadhali usivuke mstari huo kwa ajili ya asilimia 14.

Kuhusu roboti za kuzungumza za akili mnemba, hujaniuliza, ila najua zimo humo. Kanuni zinatofautiana kati ya chuo na chuo na hata kati ya mhadhiri na mhadhiri, hivyo uliza kabla. Ninachokiona dawatini ni hiki: mwanafunzi anakuja kuomba makala, ana jina la mwandishi, mwaka, jarida, juzuu na kurasa. Jarida lipo. Mwandishi yupo. Tunafungua juzuu hiyo, kurasa hizo, tunakuta makala ya mtu mwingine kabisa. Tunaingiza namba ya DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, inafungua kitu kingine au haifungui chochote. Makala haikuwahi kuandikwa. Mambo haya hata hivyo hayakuanza na roboti. Mwaka 2017 mtafiti Anne-Wil Harzing alisimulia habari ya makala ya mwaka 2000, inayodaiwa kuandikwa na Van der Geer na wenzake, iliyokuwa imerejelewa katika karibu makala 400. Nayo haikuwahi kuwapo. Ulikuwa mfano tu wa namna ya kupanga marejeleo katika mwongozo wa kampuni ya uchapishaji, na watu waliacha mfano ndani ya kazi zao.

Jamaa wa hilo ni kurejelea kitu ulichokiona ndani ya kazi ya mtu mwingine kana kwamba umekisoma. Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury, watafiti wa California, waliichunguza makala moja maarufu ya fizikia iliyokuwa imerejelewa mara 4,300 hivi. Walikuta marejeleo 196 yenye makosa ya chapa, na kosa moja la namba ya ukurasa lilijirudia mara 78. Watu 78 hawawezi kukosea vilevile kila mtu kwa wakati wake, walinakiliana. Kwa makadirio yao ya mwaka 2003, ni kama mmoja kati ya watano wanaoirejelea kazi ndiye aliyeisoma yenyewe. Ukikwama, njoo tukutafutie chanzo cha kwanza; kwa kazi yetu hilo ni jambo la kila siku. Kisipopatikana, sema wazi kwamba umemsoma fulani kama alivyonukuliwa na fulani.

Mitindo ya kurejelea sitaizungumzia sana, maana ndiyo sehemu nyepesi. Ule wa jina na mwaka unaoitwa Harvard huhusishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala kuhusu koa wa bustanini. Hauna kitabu kimoja rasmi, ndiyo sababu Harvard ya idara yako haifanani na ya idara ya pili. Vancouver, wenye namba, unatokana na mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba mwaka 1978. APA, wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, una toleo la saba, na nukuu ikifika maneno 40 huitoa nje ya aya bila alama za kunukuu. Uliza idara inataka upi, shika huo, basi.

Sasa, maktaba inahusikaje? Zamani watu walituona walinzi wa rafu. Lakini fikiria: mtu anayerejelea vibaya kwa kawaida ni mtu aliyetafuta vibaya, akasoma haraka, akahifadhi ovyo. Kazi hizo tatu, kutafuta, kusoma na kuhifadhi, zinafanyika mikononi mwetu, wiki nyingi kabla mhadhiri hajaona hata sentensi moja. Ndiyo maana tunaendesha semina za kurejelea, tunaandika miongozo, tunafundisha programu za marejeleo, na katika vyuo vingi tunakaa na mwanafunzi kuisoma ripoti ya mfanano mstari kwa mstari. Nikiri pia udhaifu wetu. Ile semina ya saa moja wanayopewa wanafunzi wapya wiki ya kwanza haifui dafu. Wanakuwa wamechoka, hawana hata kazi ya kuandika mbele yao, na sisi tunawaonyesha nukta inakaa wapi. Ikifika siku ya kuandika kweli, hakuna kinachokumbukwa. Semina inayofaa ni ile inayomkuta mtu ana rasimu mkononi, kama wewe sasa.

Wala hatukuandikii sura upya, wala hatuamui nani ana hatia. Uamuzi huo huwa wa idara au kamati ya nidhamu. Mtu aliyekuja na rasimu kuuliza kwa kawaida hachukuliwi kama mtuhumiwa, ila ukiwa na wasiwasi muulize mkutubi kabla hujafungua faili: "Mazungumzo haya yanaishia hapa?" Ni swali halali, na anapaswa kukujibu waziwazi. Muulize pia kama rasimu inaweza kukaguliwa bila kuhifadhiwa kwenye hazina ya mfumo. Ikihifadhiwa, tasnifu yako ya mwisho inaweza kuonekana inafanana na rasimu yako mwenyewe, na utaanza kujieleza kwa kosa la kuwa wewe. Kwa sababu hiyo sipendi tovuti za ukaguzi wa bure zisizojulikana. Hujui kazi yako inabaki kwa nani.

Kama mambo yamekwisha kuvuka hapo, yaani umepokea barua ya tuhuma, usije kwetu kwanza. Nenda kwa msimamizi wako na kwa ofisi ya ushauri wa wanafunzi, na kaisome kanuni inayotajwa kwenye barua. Usifute kitu chochote: daftari, rasimu za zamani, faili zenye tarehe. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha namna kazi ilivyokua. Sisi tunaweza kuja baadaye kukusaidia kufuatilia vyanzo.

Lakini hujafika huko. Una rasimu, na una msimamizi aliyekuelekeza mahali badala ya kukuripoti. Omba miadi na mkutubi wa somo lako, mtu mmoja kwa saa nzima, usiende kwenye foleni ya dawati. Beba ripoti kamili yenye rangi, si ule ukurasa wa namba. Beba sura yenyewe, na vile vyanzo vitano vilivyopakwa rangi kuliko vingine, pamoja na daftari lako hata kama linakuaibisha. Mwambie aanze kwa kuondoa orodha ya marejeleo na nukuu kwenye hesabu, mwone inabaki ngapi. Kisha chagueni aya moja tu, ile iliyoiva rangi kuliko zote. Funga chanzo, mweleze kwa mdomo aya hiyo inasema nini, naye aandike unachosema.